Dagaa wa Nani?

Neno dagaa ni dogo kama samaki mwenyewe, nalo limeenea kila pwani na kila ziwa ambako lugha yetu imetia nanga. Mtu wa Unguja akilitamka, huwaona dagaa mchele wa baharini, waliochemshwa kwa maji ya chumvi kisha wakaanikwa. Mtu wa Kigoma akilitamka, hana habari na bahari. Anamkusudia samaki wa Ziwa Tanganyika ambaye wataalamu wamempa jina la Stolothrissa tanganicae. Nasi wa Mwanza tunamkusudia mwingine kabisa, Rastrineobola argentea, anayevuliwa usiku wa giza kwa taa na kuanikwa juu ya mchanga wa mwalo, mahali ambapo nyinyi wa visiwani mngepaita diko. Samaki huyu wetu naye, akivuka mpaka, hubadilishwa jina: Wajaluo wa Kenya humwita omena, na kule Uganda huitwa mukene. Kwa hiyo tuna jina moja lililobeba samaki watatu, na mmoja katika hao watatu ana majina matatu ya kwake.

Mshairi hasumbuki na hali hii. Huandika dagaa, msomaji akamtia samaki wa ufuko wake, na shairi likaendelea. Mfasiri husumbuka kidogo zaidi, lakini naye ana njia zake: tanbihi, au neno la kuongezea, au kunyamaza kwa makusudi. Kazi hizo mbili nimezifanya kwa zaidi ya miaka ishirini, bila ya kufundishwa na chuo chochote. Katika miaka hii ya karibuni nimelazimika kumwandikia msomaji wa aina ya tatu, ambaye hana ufuko wala ulimi, nayo ni kompyuta. Na ninayotaka kuwaeleza wapenzi wa tungo ni mzozo tulionao, mimi na mpwa wangu, juu ya namna ya kumweleza msomaji huyo dagaa ni nini.

Asili ya mambo ni daftari. Nilianza kuandika maneno ya ziwa kwa haja ya ufasiri tu: majina ya samaki, ya pepo, ya mitumbwi na sehemu zake, ya mitego, ya mizimu ya majini. Nimeyapata Ukerewe na Ukara, Kome, fuko za Sengerema, na sokoni Kirumba ambako watu wa kila upande wa ziwa hukutana wakigombania bei. Kila neno nimeliandikia nani alilisema, wapi, siku gani, na kama lipo katika wimbo au shairi, wimbo upi. Wengi wa walionipa maneno hayo sasa ni marehemu. Mpwa wangu, binti wa dada yangu aliyesomea mambo ya kompyuta, alilikuta daftari hilo likiwa limekuwa madaftari kumi na moja ndani ya sanduku la bati, akasema, "Mjomba, mvua ikipita hapa juu, limekwisha." Akapendekeza tuyatie kwenye mashine, na tuyatie kwa namna ambayo yataweza kuungana na habari za watu wengine popote walipo.

Namna hiyo yataka kuelezwa. Mwaka 2001 Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyebuni wavuti, aliandika pamoja na wenzake wawili makala katika jarida la Scientific American juu ya wavuti wa aina nyingine, ambao maana ya yaliyomo ingeweza kufuatwa na mashine na si kusomwa na watu peke yao. Tuuite mtandao wa maana. Msingi wake, uliokwisha kuidhinishwa mwaka 1999 kwa jina la RDF, ni sahali mno: kila habari ikatwe iwe kauli ya vipande vitatu, yaani anayezungumzwa, uhusiano, na anayehusishwa naye. Dagaa, huvuliwa katika, Ziwa Victoria. Kitereza, aliandika, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Wapenzi wa ukawafi hawatashangaa kuona mshororo wa vipande vitatu ukibeba mzigo mzito. Kila kinachotajwa hupewa anwani yake ya pekee, mithili ya anwani ya ukurasa wa intaneti, ili mtu wa Mwanza na mtu wa Leiden wakitaja kitu kimoja ijulikane kuwa ni kimoja. Kauli zikawa maelfu, zikashikana fundo kwa fundo kama wavu.

Zikishakusanyika, zipo njia mbili za kuzifanya zitoe zaidi ya zilivyoandikwa, na hapo ndipo tulipogawanyika.

Njia ya kwanza ni kanuni. Kanuni husema: ikiwa kitu ni dagaa, basi ni samaki, ikiwa kisiwa kimo wilayani na wilaya imo mkoani, basi kisiwa kimo mkoani. Ukiiandika mara moja, kompyuta huitumia kwa kila kinachoihusu, na huzalisha kauli mpya ambazo hakuna mtu aliyeziandika. Sisi wasemaji wa Kiswahili tumezaliwa ndani ya kanuni za namna hii. Hakuna mama aliyemkalisha mwanawe akamfundisha kwamba kiboko, ijapokuwa amevaa ki- ya vitu, husemwa "kiboko mkubwa amekufa". Mtoto anajua kuwa chenye uhai hufuata upatanisho wa watu, na hulitumia jambo hilo kwa mnyama ambaye hajapata kumsikia. Tena mtoto huyo huyo, akifika kwa rafiki, husema "rafiki yangu amekuja", kitenzi cha mtu na kimilikishi cha kitu, wala hasiti. Kanuni imepinda mahali panapojulikana na wote, na lugha haikuanguka.

Njia ya pili ni ulizo. Lugha ya maulizo ya mtandao wa maana huitwa SPARQL, na iliidhinishwa Januari 2008. Unaiambia mashine: nipe kila samaki ambaye jina lake limesemwa na mtu wa Ukara. Jibu huja, hulisoma, nalo hupita. Ghala limebaki kama lilivyokuwa. Hakuna kauli iliyoongezwa wala iliyopunguzwa. Kesho ukiuliza tena, na leo jioni kumeingia neno jipya, jibu la kesho litakuwa tofauti na la leo.

Mpwa wangu ni mtu wa kanuni. Mimi ni mtu wa maulizo. Kwa nini yeye awe hivyo nami niwe hivi ni jambo la tabia na umri, wala silipi uzito.

Ugomvi ulianzia kwa dagaa. Katika lugha ya kanuni iitwayo OWL, iliyoidhinishwa mwaka 2004, kipo kiungo kimoja chenye maana ya "ni yule yule". Ni kiungo kikali. Ukisema mukene ni yule yule omena, basi kila lililosemwa juu ya mmoja limesemwa juu ya mwingine. Na ikiwa omena ni yule yule dagaa, mukene naye amekwisha kuwa dagaa bila ya kuulizwa. Tulilichora jambo hilo kwenye karatasi kabla ya kulitia katika mashine. Mukene ni omena: kweli. Omena ni dagaa: kweli, muulize mchuuzi yeyote wa Kirumba. Dagaa ndiye wa Kigoma: kweli, muulize Mmanyema. Dagaa ndiye wa Unguja: kweli. Kauli nne, kila moja ina mashahidi, na mwisho wake omena wa Kisumu anaogelea katika Bahari ya Hindi.

Jawabu la mpwa wangu lilikuwa zuri, nami nililikubali siku ile ile. Kila samaki apewe anwani yake, na dagaa libaki kuwa jina tu, lililofungwa kwa kila anwani pamoja na mahali linaposemwa. Mshairi yeyote anajua kuwa jina na mwenye jina ni viumbe wawili. Lakini mtu wa kanuni hatosheki upesi. Akataka sasa kuandika koo za samaki: kila aitwaye dagaa awe wa kundi ambalo wataalamu huliita Clupeiformes. Kwa dagaa wa Kigoma, kanuni ni sahihi. Kwa dagaa mchele wa baharini, ni sahihi. Mtu angeweza kuzunguka pwani yote, kutoka Lamu mpaka Mtwara, kisha akapanda treni ya reli ya kati mpaka mwisho wake Kigoma, asikutane na dagaa mmoja wa kuipinga. Angekutana naye Mwanza. Dagaa wetu hana udugu na hao. Ni wa kundi la Cypriniformes, jamaa wa ningu, samaki wa maji baridi tangu asili yake. Watu walimwona ni mdogo, anang'aa, anavuliwa kwa taa, anauzwa kwa kopo, wakampa jina walilokuwa nalo tayari. Walimwita kwa kazi yake jikoni.

Sasa lipo jambo katika kanuni hizi ambalo msomaji wa fasihi hana budi kulijua, kwa kuwa linakwenda kinyume na desturi zetu za kusema. Hazijui kurudi nyuma. Tukisema "ndege huruka", kila mmoja wetu amekwisha kumsamehe mbuni kimoyomoyo. Kanuni ya OWL haisamehi: likitolewa hitimisho, hakuna kauli mpya inayoweza kulifuta. Ukiiambia kwamba kila dagaa ni Clupeiformes, kisha ukaiambia kwamba huyu wa Mwanza ni Cypriniformes, itasema yeye ni vyote viwili. Ukiongeza kwamba makundi hayo mawili hayachangamani, italia kwamba kuna mgongano, na katika mantiki yake palipo na mgongano chochote chaweza kuthibitishwa.

Kwa samaki, angalau, unaweza kumshika mmoja ukamhesabu mapezi. Je, kwa mizimu? Baganda wana Mukasa, mwenye ziwa, ambaye hekalu lake kuu lilikuwa katika kisiwa cha Bubembe, visiwani Ssese. Wahaya, ng'ambo ya pili ya maji hayo hayo, wana Mugasha, naye ni wa maji na dhoruba. Majina yanafanana kiasi cha kumfanya mtu wa lugha atabasamu. Mpwa wangu akaniuliza kama aweke kiungo cha "ni yule yule". Nikamwambia hapana. Akaniuliza kama aweke kwamba ni wawili mbalimbali. Nikamwambia hapana vilevile. Wahaya walionisimulia habari za Mugasha hawakunitajia Bubembe hata mara moja, na mimi sina mamlaka ya kumjengea mungu wao hekalu katika nchi ya watu wengine kwa sababu ya konsonanti. Wala sina mamlaka ya kuwatenga wawili ambao huenda mababu walimwomba mmoja. Kwa ulizo jambo hili halina taabu: anayeamini kuwa ni mmoja atauliza "nipe habari za Mukasa au za Mugasha", na imani hiyo itabaki kwake aliyeuliza, haitamwagika ghalani ikalowesha kila kitu.

Yapo pia mambo ambayo ukweli wake huhama. Daftari langu la kwanza lina maneno kutoka Geita, nayo yameandikwa "mkoa wa Mwanza", na siku nilipoandika ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 2012 Geita ikawa mkoa wake yenyewe. Kanuni ya wilaya na mkoa si mbovu. Lakini mahitimisho yake, yakishaandikwa ghalani, hukaa pale kama maji yaliyobaki kwenye mtumbwi baada ya safari, na lazima awepo mtu wa kukumbuka kuyakumba. Ulizo huhesabu upya kila linapoulizwa. Vivyo hivyo kwa kivuko. Zipo nyimbo nilizozikusanya ambazo kwenda Sengerema kutoka Mwanza ni kungoja pantoni pale Kigongo, jua likiwa utosini; tangu Juni 2025 watu wanapita juu ya daraja la kilomita tatu mpaka Busisi bila ya kulowa. Kauli ya kwamba Sengerema huendwa kwa pantoni ingefaa kuwa na tarehe yake pembeni, na tumeipa.

Nimekuwa nikisema upande wangu tu. Hebu niseme na wa mpwa wangu, kwa kuwa una nguvu kuliko nilivyopenda.

Mtoto wa shule Nansio akitafuta "samaki wa ziwa letu" hatapata kitu chochote ikiwa ndani ya ghala imeandikwa tu kwamba huyu ni dagaa, huyu ni sato, huyu ni sangara, na hakuna kanuni inayosema kuwa dagaa, sato na sangara ni samaki. Mtoto hajui kwamba kuna ngazi ya kupanda. Kanuni humpandia. Anayetumia maulizo matupu hana budi kuiandika ngazi hiyo ndani ya ulizo lake kila mara, na ndivyo wafanyavyo watumiaji wa Wikidata, ghala kubwa la habari lililoanzishwa Oktoba 2012: mwenye kuuliza huandika mwenyewe kwamba mashine ipande kiungo cha "ni aina ya" hatua kwa hatua mpaka ifike juu. Anayejua hupata. Asiyejua hupewa ukurasa mweupe, naye huondoka akiamini kuwa hakuna kitu.

Huo ukurasa mweupe ndio ninaouogopa kuliko kanuni yoyote. Kuanzia mwaka 1977 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leiden walikuwa hapa katika Ghuba ya Mwanza wakiwachunguza furu, samaki wadogo ambao katika ziwa zima walikadiriwa kufika aina zaidi ya 500. Sangara alikuwa amekwisha kuletwa ziwani tangu miaka ya 1950 na 1960. Katika miaka ya 1980 akaongezeka ghafla, na furu wakatoweka nyavuni aina baada ya aina. Ungeuliza ghala lolote la wakati huo "ni furu gani hawakupatikana mwaka huu?" ungepewa orodha ndefu, na ungeisoma kama orodha ya marehemu. Wengi ni marehemu kweli. Lakini katika miaka ya 1990 baadhi yao walianza kuonekana tena katika ghuba hii hii, akiwemo Haplochromis pyrrhocephalus, jina ambalo mfasiri angeliweka "kichwa-moto". Huyu alipewa jina lake la kitaalamu mwaka 1987, nyavu zikiwa karibu tupu. Aliporudi hakuwa sawasawa na alivyoondoka: matamvua yalikuwa yameongezeka ukubwa, na chakula chake kilikuwa kimebadilika. Wavu uliorudi mtupu ulikuwa umesema "sikumpata". Msomaji ndiye aliyesikia "hayupo".

Kanuni za mtandao wa maana, na hili nawasifu waliozibuni, hazifanyi kosa hilo. Kwazo, lisiloandikwa halijulikani, basi, huenda lipo. Ulizo linaweza kulifanya kwa urahisi, maana SPARQL inaruhusu kuuliza "ambacho hakina". Ni samaki gani hana jina la Kikerewe? Mashine itatoa orodha bila ya kusita, na mgeni mwenye haraka ataandika kwamba Wakerewe hawakuwa na jina la samaki huyo, ilhali sababu ni kwamba mwenye jina hilo anakaa upande wa Irugwa na mimi sijapanda boti kumfuata. Kwa hiyo katika daftari langu pengo huandikwa kwa namna mbili: "sijauliza", na "niliuliza, akasema halipo". Mpwa wangu alizitia zote mbili kwenye mashine kama kauli kamili, kila moja na jina la aliyejibu. Nadhani hii ndiyo kazi bora tuliyoifanya, na haina kanuni wala ulizo ndani yake. Ni uandishi wa karani mwangalifu.

Wapenzi wa tungo watakuwa wanajiuliza mashairi yako wapi. Yapo, kwa kuwa ushahidi wa nusu ya maneno haya ni tungo, na ilitubidi tuiambie kompyuta shairi ni nini. Mpwa wangu alileta kanuni aliyofundishwa shuleni: kila shairi lina vina na mizani. Kanuni hiyo ina wenyewe. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, aliitolea kitabu mwaka 1954, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Miaka 20 baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe, akatoa Kichomi, diwani ya tungo ambazo zimevua vina na mizani kwa makusudi. Ugomvi uliofuata mnaujua, na wengine wenu mliushiriki. Mmoja alizaliwa penye dagaa wa Tanganyika, mwingine penye dagaa wa Victoria, nikiruhusiwa mzaha.

Msomaji atatarajia kwamba kanuni ile, ikitiwa kwenye mashine, itamfukuza Kezilahabi barazani. Haimfukuzi. Kanuni za aina hii hazikagui, huongeza. Ukiiambia kompyuta kwamba kila shairi lina vina, kisha ukaiambia kwamba tungo hii ya Kichomi ni shairi, haitavitafuta vina ikavikosa ikalalamika. Itahitimisha kwamba vina vimo, ila sisi hatujavitaja. Kezilahabi angebaki na heshima yake ya ushairi, amevishwa kanzu ya Amri Abedi, wala hakuna mtu chumbani ambaye angejua nani aliyemvisha. Ipo zana nyingine ya kukagua, iitwayo SHACL, iliyoidhinishwa mwaka 2017; hiyo ingemfukuza sawasawa kama walivyotaka baadhi ya wanamapokeo. Nimejiuliza mara nyingi lipi kati ya hayo mawili lina adabu zaidi.

Tuliandika hivi: tungo fulani imeitwa shairi na fulani, mwaka fulani, na mahali pengine, mishororo yake ina mizani kadhaa, vina vyake ni hivi, au haina. Mfuasi wa Amri aandike ulizo lake la mizani minane kwa minane, apate bahari aitakayo. Mfuasi wa Kezilahabi aandike lake. Hata kwa Kitereza tulifuata njia hiyo. Alikamilisha riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikachapishwa mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Hatukusema kuwa kitabu cha Kiswahili ni kile kile cha Kikerewe. Tulisema "ni tafsiri ya", na "mfasiri ni mwandishi mwenyewe", na mwenye kutaka kuviona ni kimoja ameachiwa nafasi ya kuuliza hivyo.

Mpaka naandika haya, ghala letu lina kanuni saba tu. Dagaa, sato, furu, ningu, sangara na wenzao ni samaki. Kilichomo ndani ya kilichomo kimo. Tafsiri ina asili yake. Nyingine ni za namna hiyo hiyo, mambo ambayo mvuvi na profesa hawatagombana. Yaliyobaki ni maulizo, nayo tumeyahifadhi kama tulivyohifadhi maneno: kila ulizo lina jina la Kiswahili, jina la aliyeliandika, tarehe, na mistari miwili ya kueleza anaamini nini. Mtoto wa Nansio anaweza kubonyeza "samaki wote wa Ukara" bila ya kujua kilichomo ndani.

Mpwa wangu haridhiki. "Mjomba," aliniambia mara ya mwisho alipokuja, "kanuni ikishakuwepo inafanya kazi hata tukilala. Haya maulizo yako yanataka mtu. Wewe usipokuwepo, nani atauliza?" Sikumjibu. Alikuwa akikunja nyaya za kompyuta yake, nami nilikuwa nahesabu ni wangapi kati ya watu waliomo kwenye madaftari yale bado wako hai. Walikuwa tisa.

Basi ninayo haja kwenu, wasomaji wa visiwani na wa pwani. Katika ghala letu dagaa mchele ana anwani yake, lakini habari zake ni chache, na zote zimetoka kwa mchuuzi mmoja aliyekuwa akipita Mwanza. Mwenye kujua majina mengine mnayompa, au mnayompa akiwa mbichi, akiwa mkavu, akiwa mdogo zaidi, naomba ayaandike pamoja na jina la diko, jina la aliyeyasema ikiwa ameridhia, na siku. Na ikiwa umemuuliza mvuvi akasema halipo, tafadhali liandike na hilo.